Mama ameacha dawa za presha kwa neno la mchungaji, lakini nyumbani tatizo ni mimi nisiyeamini

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari ya umma, Kaunti ya Kakamega. Nimeolewa na nina binti wa Gredi ya Nne. Siamini kwamba kuna Mungu. Nakwambia hilo mapema ili usifike katikati ya barua ukadhani nilikuwa nakuficha.

Kila anayejua hali yangu huniuliza ni nani aliyenikosea kanisani. Hakuna. Nililelewa katika kanisa la Friends (Waquaker) upande wa Sabatia, Vihiga, miongoni mwa watu wapole waliotusomesha na kutulisha. Niliuliza maswali, nikaambiwa niombe zaidi. Niliomba. Imani ikaisha kidogo kidogo, na kwa miaka mingi nilinyamaza kwa sababu sikuona faida ya kumtia mama simanzi.

Mama huyohuyo ndiye aliyenifanya niseme. Ana presha ya muda mrefu, na alikuwa akichukua dawa zake kliniki bila kukosa, anaziweka kwenye mkebe wa kakao juu ya kabati la vyombo. Mwaka jana alihama kanisa akajiunga na huduma iliyopiga hema karibu na soko. Mchungaji alimwekea mikono, akamtangaza mbele ya watu kuwa amepona, kisha akamwonya kwamba akimeza tena dawa atakuwa anamwambia Mungu kuwa ni mwongo. Nilipoenda nyumbani Desemba niliufungua ule mkebe. Karatasi za vidonge zilikuwa nzima, hakuna hata kimoja kilichotobolewa, na juu yake kulikuwa na chupa ndogo ya mafuta ya upako. Nilimbembeleza tukaenda kupima: 188 kwa 112. Akasema yeye hajisikii mgonjwa, basi mashine ndiyo mbovu. Baadaye niligundua ameuza mtamba wake ili "apande mbegu". Pesa zilitumwa kwa simu, na ujumbe wa M-Pesa ulionyesha zimeingia kwa jina la mchungaji mwenyewe.

Niliita kikao cha familia. Nikaeleza kwamba mama yuko hatarini. Baba mdogo hakuniuliza habari ya dawa. Aliniuliza, "Kwani wewe unamwamini Mungu?" Nikajibu kwamba siamini. Hapo habari ya dawa ikafa, na tangu siku hiyo mjadala ni mimi. Mama anasema presha yake imeletwa na mimi. Shangazi alinikazia macho akauliza, "Ukifa leo, nani atakuzika?" Wewe unajua swali hilo lina uzito gani kwetu. Maana yake ni kufukiwa bila kwaya wala mchungaji, haraka haraka, kama walivyokuwa wakifukiwa waliojitia kitanzi.

Kazini nako hakuna nafuu. Shule yetu ina mdhamini ambaye ni kanisa, na kila Ijumaa mwalimu mmoja huongoza ibada ya asubuhi. Zamani nilibadilishana zamu na wenzangu kimya kimya. Mwalimu mkuu wa sasa ameniweka kwenye orodha, na nilipoomba kuachwa aliniambia kwamba ukuu wa idara ya sayansi hauwezi kupewa mtu asiye na hofu ya Mungu. Jina langu likarukwa.

Na juzi nikimsuka binti yangu aliniuliza, "Mama, wewe utachomeka?" Mwalimu wake wa dini alikuwa amewaambia wasioamini wataenda motoni.

Mshauri, mimi sina haja ya kumnyang'anya mtu Mungu wake. Kinachonichoma ni kwamba katika nchi hii dini haiulizwi. Mwenye baa akipiga muziki hadi alfajiri, polisi watafika. Kanisa likipiga spika kesha zima, anayelalamika ndiye ana mapepo. Mwanasiasa anayetuhumiwa wizi hupewa maikrofoni madhabahuni mradi amekuja na bahasha. Mtu akisema "Mungu ameniambia", ushahidi hauombwi tena. Baada ya Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga hadi kufa, kila mtu alisema yule hakuwa Mkristo wa kweli, kisha tukaendelea kama kawaida. Lakini watu wale hawakutoka mwezini. Ni Wakenya waliofundishwa tangu utotoni, katika makanisa ya kawaida kabisa, kwamba kumhoji aliye madhabahuni ni dhambi. Mackenzie aliwakuta wameshatayarishwa.

Naomba unijibu. Je, nijifanye nimeokoka ili mama anisikilize? Kazini nifanye nini? Na huyu mtoto nimwambie nini?

Mwalimu, Kakamega

JIBU

Mwalimu,

Mimi nasali, na nitaendelea kusali. Nawe nakwambia mapema, kama ulivyoniambia. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja na nakubaliana na sehemu kubwa yake, hasa hiyo ya Shakahola. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi kuanzia Aprili 2023, na wengi wetu makanisani tulichofanya ni kujitenga nayo. Aprili 2025 polisi walilazimika kuwatoa zaidi ya watu 50 waliokuwa wakiishi ndani ya kanisa huko Opapo, Migori, ambako kulikuwa kumetokea vifo. Hapo si mbali na kwako wala kwangu. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba unazungumzia mambo ya pwani.

Lakini tuanze na mama. Shule inaweza kungoja wiki mbili, mishipa ya damu ya mama haiwezi.

Presha ni ugonjwa unaompa mchungaji wa aina ile nafasi nzuri kupita yote, kwa sababu hauumi. Mtu anaweza kutembea na kipimo cha mama yako huku anapalilia mahindi na kuimba kwaya. Akiombewa Jumapili, Jumatatu anaamka akijisikia vizuri, kwa kuwa hata Jumamosi alijisikia vizuri. Akiacha dawa, wiki zinapita hakuna kinachotokea, na kila wiki inayopita inakuwa ushuhuda mpya. Dawa zile hazikuwa zimemponya. Zilikuwa zinaishikilia presha chini, na zikiondoka inapanda tena polepole bila kumpigia hodi. Siku itakapomwonyesha, huenda ikawa kwa kiharusi au kwa figo, na hapo mchungaji atasema imani yake ilipungua. Mambo ni yaleyale kwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi: anapimwa, anaambiwa virusi havionekani kwenye damu, anasimama madhabahuni kutangaza amepona, anaacha dawa, na virusi vinarudi. Dawa inafanya kazi, sifa inachukuliwa na hema.

Kwa hiyo ukimwambia mama "unaumwa", unashindana na mwili wake mwenyewe unaomwambia haumwi. Unachotaka ni kipimo kinachorudiwa mara kwa mara mbele ya macho yake, na kipimwe na mtu asiye wewe. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamegawiwa mikoba yenye vifaa, na mashine ya kupima presha imo. Mtafute anayehudumia kijiji cha mama. Kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mama mwenzake wa kijijini, anayesali na kufunga kitambaa kichwani kama yeye. Mweleze yote, umwombe apite nyumbani kwa mama kila wiki, apime, aandike kwenye daftari, amwachie mama daftari. Asibishane naye kuhusu uponyaji. Amwambie tu kwamba aliyepona hana cha kuogopa kwa kupimwa. Mama anaijua Biblia yake. Katika Luka sura ya 17 wale wakoma kumi waliagizwa waende wakakaguliwe na makuhani, ambao ndio waliokuwa na mamlaka ya kutamka nani ni safi. Hoja hiyo isitoke kinywani mwako. Itoke kwa mtu ambaye mama hatamshuku.

Na yuko mwingine wa kumtumia: mzee wa kanisa lake la zamani. Friends walipofika Kaimosi mwaka 1902 hawakuja na mahubiri peke yake. Walianzisha shule, na hospitali ikafuata. Mama amekulia katika dini ambayo maombi na sindano vilikaa kwenye boma moja, na hakuna aliyemwambia achague. Huyo mzee anaweza kumkumbusha hivyo akasikika. Wewe ukisema utaulizwa tena kama unamwamini Mungu.

Swali lile la baba mdogo ulilijibu kwa ukweli na sikulaumu hata kidogo. Ila likija tena, na litakuja, usiliache liteke kikao. Mwambie, "Baba, hilo tutalizungumza siku nyingine mpaka uchoke. Leo tumekuja kwa ajili ya dawa za mama. Kipimo chake ni hiki hapa." Kisha uweke daftari mezani. Anayekimbilia imani yako anakwepa namba zile.

Unauliza kama ujifanye umeokoka. Usithubutu. Mbali na kwamba ni uongo, utakuwa umempa yule mchungaji zawadi kubwa kuliko mtamba. Jumapili ya pili atakusimamisha mbele: mwalimu wa sayansi aliyempinga Mungu, leo amepiga magoti. Mama ataona kila alichoambiwa hemani kimetimia, na mkebe wa kakao utabaki umefungwa.

Kuhusu mchungaji mwenyewe: kumwombea mgonjwa si kosa. Kumwamuru mgonjwa aache dawa alizoandikiwa ni jambo la hatari ambalo ofisi ya afya ya kaunti ndogo na chifu wanapaswa kuambiwa, kwa maandishi, pamoja na tarehe na maneno aliyosema. Baada ya Shakahola rais aliunda jopo kazi lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi, nalo likakabidhi ripoti Julai 2024 likipendekeza sheria ya kusimamia mashirika ya kidini. Viongozi wengi wa dini waliona ni kuingiliwa. Mimi naona muumini ndiye anayehitaji sheria hiyo kuliko wewe, kwa sababu wewe hutawahi kuuza mtamba kwa ajili ya mbegu. Mama ameuza.

Sasa shule. Hapa umekaa mahali penye nguvu kuliko unavyodhani.

Utangulizi wa Katiba yetu ya 2010 unamtaja Mwenyezi Mungu, na wimbo wa taifa unaanza kwa kumwomba. Wengi wanaishia hapo wakadhani neno limekwisha. Lakini Ibara ya 8 inasema wazi kwamba hakuna dini ya taifa. Ibara ya 32 inalinda dhamiri, dini, itikadi na maoni ya kila mtu, nawe umo ndani ya "kila mtu". Ibara hiyohiyo inakataza mtu kunyimwa kazi au haki yoyote kwa sababu ya imani yake, na inakataza kumlazimisha mtu kufanya tendo linalopingana na imani yake. Kuongoza maombi usiyoyaamini ni tendo la aina hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kidini, hata katika kupandisha watu vyeo.

Mdhamini anapata wapi nguvu basi? Historia ndiyo iliyompa. Shule nyingi za huku zilianzishwa na misheni, na shukrani hiyo ni halali. Shule ya Maseno ilianza 1906, kabla serikali haijafikiria kumsomesha mtoto wa Mwafrika kijijini. Lakini Sheria ya Elimu ya 1968 ilitia usimamizi wa shule hizo mikononi mwa serikali, na makanisa yakabaki wadhamini. Leo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mdhamini viti vitatu kwenye bodi na jukumu la malezi ya kiroho, na hapohapo inamtaka alinde imani za wengine. Haimpi uwezo wa kuchagua mkuu wa idara. Mshahara wako unalipwa na TSC, tume ya walimu ya serikali, kwa kodi ya Waislamu wa Mumias, ya Wahindu wa Kisumu, na yako. Mapato ya makanisa yenyewe yanaweza kusamehewa kodi, kwa maana Sheria ya Kodi ya Mapato inazitambua taasisi zilizoundwa kueneza dini. Sisemi msamaha huo ni dhambi. Nasema anayesamehewa kodi hawezi kumpangia masharti ya imani mwalimu anayelipa.

Andika barua kwa mwalimu mkuu, fupi, yenye adabu. Usidai ibada ifutwe. Wenzako na wanafunzi wana haki nayo. Omba kutoongoza, utaje Ibara ya 32, na ujitolee kazi nyingine ya Ijumaa asubuhi yenye uzito uleule, kama kutayarisha maabara, ili asije akasema unakwepa zamu. Suala la ukuu wa idara liandikie barua ya pili, ukitaja maneno aliyokwambia na siku aliyoyasema. Usiyachanganye. Nakala ipeleke kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti ndogo, na uwaone KUPPET, chama cha walimu wa sekondari, katika tawi lenu kabla hujazipeleka.

Ukiambiwa unaleta uasi mpya shuleni, wakumbushe Wasabato. Walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na watoto wao waliteseka miaka mingi kwa kulazimishwa masomo ya Jumamosi katika shule za umma. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikawapa haki ya kuishika Sabato yao. Ni waumini waliokufungulia mlango huo, Mwalimu. Muumini wa dini ndogo na mtu asiye na dini wanajikinga kwa ibara moja, na huenda katika chumba chenu cha walimu yuko Msabato au Mwislamu anayengoja mtu wa kwanza kuandika barua.

Usijione uko peke yako. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 755,750 wasio na dini au wasioamini Mungu. Ni wengi kuliko wakazi wote wa Kaunti ya Vihiga, ambao sensa hiyohiyo iliwahesabu kuwa 590,013. Najua idadi hiyo haijawapa heshima. Chama cha wasioamini kiliposajiliwa Februari 2016, haikupita miezi mitatu kabla Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, kuusimamisha usajili wake. Hakuna dini ambayo ingevumilia kutendewa hivyo kimya kimya.

Kelele za kesha na bahasha za wanasiasa nitazigusa tu. Kanuni za kelele za 2009 hazikuwaacha watu wa ibada. NEMA, mamlaka ya mazingira, na kaunti wana wajibu wa kukusikiliza, na ukienda na majirani wawili wanaosali mtasikika haraka kuliko ukienda peke yako. Bahasha, nazo, zimeanza kuwachosha hata viongozi wa dini: Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mamilioni ambayo rais alikuwa ametoa kanisani. Nilifurahi siku ile. Ningependa kuona jambo kama hilo Kakamega.

Binti yako mjibu leo, usingoje. Mwambie, "Hapana, mama hatachomeka." Sema hivyo kwanza, bila mhadhara. Halafu mweleze kwamba baba na nyanya wanaamini kuna Mungu, mama haamini, na watu wanaopendana wanaweza kuamini tofauti. Mumeo awepo, na aseme kwa kinywa chake kwamba hamwogopei mama yake moto. Mtoto atapumua zaidi akiyasikia kwa yule anayesali. Elimu ya dini ni somo la lazima shule ya msingi, kwa hiyo ataendelea kukutana nayo, na si vibaya aijue. Lakini nendeni wote wawili mkamwone yule mwalimu. Kufundisha anachoamini Mkristo ni kazi yake. Kumrudisha mtoto nyumbani akiogopa kwamba mama yake ataungua si kazi yake, na ukimweleza ana kwa ana alichouliza mtoto ukimsuka, nadhani ataelewa.

Limebaki la shangazi. Wewe umeolewa, na kwa mila zetu mtu aliyeolewa huzikwa kwa mumewe, kwa hiyo swali lake hata si lake kulijibu. Ila lishughulikie ungali na nguvu, maana sheria zetu hazimpi marehemu sauti kubwa. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliukabidhi ukoo wa Umira Kager mwili wa wakili S. M. Otieno, mjane wake Wambui akashindwa, na mazishi yakafanyika Nyalgunga, Siaya. Keti na mumeo na shemeji zako. Amueni nani atazungumza, kama kutakuwa na wimbo na ni upi, na kama mchungaji akija kuwafariji wanaosali atapewa nafasi. Mimi ningempa, kwa ajili ya mama na mumeo. Andika, utie sahihi mbele ya mashahidi, nakala moja akae nayo mumeo na nyingine shemeji mkubwa.